Msaidizi wa Maabara: Majukumu Yake, Sifa Zinazohitajika na Njia ya Kuifikia Kazi Hiyo

Mwananchi anayefika katika zahanati, kituo cha afya au hospitali humkumbuka daktari aliyemsikiliza, muuguzi aliyemchoma sindano na mtoa dawa aliyemkabidhi vidonge. Ni wachache wanaomkumbuka mtu aliyeketi nyuma ya dirisha dogo la maabara, akapokea kichupa, akaandika jina na namba, kisha akasema, "Subiri majibu." Hata hivyo, mara nyingi dawa ambayo mgonjwa huyo ataipewa hutegemea kazi iliyofanyika nyuma ya dirisha hilo.

Makala haya yanaeleza kazi ya msaidizi wa maabara ya afya, ambayo ni ngazi ya kuanzia katika taaluma ya maabara. Yameandikwa kwa ajili ya makundi mawili ya wakazi wa kata zetu. Kundi la kwanza ni vijana waliohitimu kidato cha nne, pamoja na wazazi na walezi wao, wanaotaka kujua kazi hii inadai nini kabla ya kulipa ada ya chuo. Kundi la pili ni wananchi wote wanaotumia huduma za maabara, kwa kuwa mtu anayejua utaratibu ulivyo anaweza kusaidia majibu yake yawe sahihi, na anaweza kuuliza pale anapoona utaratibu umekiukwa.

MSAIDIZI WA MAABARA NI NANI?

Katika utumishi wa afya nchini, wataalamu wa maabara wamepangwa kwa ngazi kulingana na elimu yao. Mwenye shahada au stashahada ya sayansi ya maabara hufanya vipimo, huthibitisha majibu na husimamia maabara. Chini yake yupo mwenye astashahada, ambaye katika nyaraka za kiutumishi huitwa Mteknolojia Msaidizi wa Maabara. Wananchi wengi humwita kwa kifupi msaidizi wa maabara, na jina hilo ndilo tutakalolitumia hapa.

Ni vema tumtofautishe na watumishi wengine wawili. Wa kwanza ni mhudumu wa afya, ambaye miongoni mwa kazi zake ni usafi wa vyumba na vyombo, pamoja na kupeleka sampuli maabara na kufuatilia majibu. Mhudumu huyu ni muhimu, lakini si mtaalamu wa maabara na haruhusiwi kupima. Wa pili ni fundi wa maabara ya shule, anayeandaa kemikali na vifaa kwa ajili ya masomo ya sayansi katika shule za sekondari. Huyu wa pili hahusiki na wagonjwa, na mafunzo yake ni tofauti. Kijana anayeomba chuo ahakikishe anajua ni ipi kati ya kazi hizi anayoikusudia.

KWA NINI KAZI HII INA UZITO KATIKA MILIMA YETU

Wilaya ya Lushoto ina maeneo ya juu yenye baridi na ukungu, kama Magamba na Shume, na ina maeneo ya tambarare yenye joto upande wa Mnazi na Lunguza. Tofauti hii ya mwinuko huonekana pia katika magonjwa. Utafiti uliofanyika katika Milima ya Usambara umeonesha kuwa maambukizi ya malaria hupungua kadiri mtu anavyopanda juu, kwa sababu baridi hupunguza mbu na huchelewesha ukuaji wa vimelea ndani ya mbu. Kwa hiyo homa ya mtoto wa tambarare na homa ya mtoto wa mlimani zinaweza kufanana kwa mguso wa mkono, lakini chanzo chake kikawa tofauti kabisa. Mmoja ana malaria. Mwingine ana nimonia au maambukizi ya njia ya mkojo. Aidha, mkazi wa mlimani aliyeshuka tambarare kwa shughuli za kilimo au biashara anaweza kurudi nyumbani akiwa na malaria, na kwa kuwa mwili wake haujazoea ugonjwa huo, anaweza kuzidiwa haraka.

Ndiyo sababu tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Kukisia hakutoshi. Anayepewa dawa ya malaria ilhali hana malaria hupoteza muda ambao ugonjwa wake halisi unautumia kumdhoofisha.

Wilaya yetu ina kumbukumbu nyingine nzito zaidi. Mwaka 1980 ugonjwa wa tauni uliingia katika vijiji vya Lushoto, na milipuko yake ikaendelea kujirudia hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maelfu ya watu waliugua na mamia walipoteza maisha. Wazee wa maeneo kama Shume wanaikumbuka vizuri hofu ya kuona panya wamekufa ndani ya nyumba, na hofu ya kumwona mtu akipata homa kali na mtoki kinenani au kwapani. Tauni husababishwa na bakteria wanaoenezwa na viroboto wa panya, na hutibika kwa viuavijasumu endapo mgonjwa atawahi kutibiwa. Katika ugonjwa wa namna hiyo, sampuli iliyochukuliwa kwa uangalifu, ikaandikwa sawasawa na kufikishwa maabara mapema, huwawezesha wataalamu kuutambua mlipuko kabla haujasambaa.

Usambara ina historia ndefu ya kazi za maabara. Huko Amani, katika Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo mwaka 1902. Baadaye, katika kipindi cha utawala wa Waingereza, Amani ikawa makao ya utafiti wa malaria kwa Afrika Mashariki. Baada ya kuanzishwa kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kwa sheria ya mwaka 1979, kituo hicho kiliendelea chini ya taasisi hiyo. Kwa miaka mingi wenyeji wa milima hii walifanya kazi huko wakikusanya mbu, wakiandaa vioo vya damu na kuvisoma kwa hadubini. Majina ya wengi wao hayakuandikwa kwenye vitabu, ingawa utafiti ule ulitegemea mikono yao.

MAJUKUMU YA KILA SIKU

Msaidizi wa maabara hufanya kazi chini ya usimamizi wa mtaalamu wa ngazi ya juu yake. Majukumu yake yanaweza kugawanywa katika sehemu sita.

Kwanza, kupokea mgonjwa na kuhakiki utambulisho wake. Hili linaonekana jepesi, lakini hapa ndipo makosa mengi huanzia. Katika jamii yetu majina hujirudia. Si ajabu kukuta asubuhi moja watu wawili wa ukoo mmoja wenye jina moja wakisubiri kwenye benchi moja. Msaidizi makini hamuulizi mgonjwa, "Wewe ni Amina?" kwa kuwa mgonjwa aliyechoka huitikia tu. Humwambia, "Naomba unitajie majina yako yote na umri wako," kisha hulinganisha na fomu ya daktari na namba ya usajili.

Pili, kuchukua au kupokea sampuli. Damu ya kidoleni na ya kwenye mshipa, mkojo, choo na makohozi, kila moja ina utaratibu wake. Damu ya kipimo cha wingi wa damu huwekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, ambacho ndani yake mna dawa ya kuzuia damu isigande. Kichupa hicho hupinduliwa taratibu mara 8 hadi 10 mara baada ya kujazwa. Kikiachwa bila kupinduliwa, damu huganda na majibu huharibika. Kikitikiswa kwa nguvu, chembe za damu hupasuka na baadhi ya vipimo hutoa namba za uongo.

Tatu, kuandika lebo. Kichupa huandikwa jina, namba, tarehe na saa mbele ya mgonjwa mwenyewe, kabla hajaondoka kwenye kiti. Msaidizi haandiki lebo nyingi mapema na kuzipanga mezani, wala haahirishi kuandika kwa kuamini kuwa atakumbuka. Kichupa kisicho na jina si sampuli tena. Hutupwa, na mgonjwa huombwa atoe nyingine.

Nne, kuandaa vipimo. Msaidizi hutengeneza vioo vya damu kwa ajili ya kutafuta vimelea vya malaria: tone nene la kuonesha kama vimelea vipo, na tandazo jembamba la kutambua ni vya aina gani. Huvipaka rangi ya Giemsa na kuzingatia muda. Hufanya pia vipimo vya haraka alivyofundishwa na kuidhinishiwa, kama vile kipimo cha haraka cha malaria na kipimo cha mkojo cha kuchovya. Kila kipimo cha haraka kina dakika zake zilizoandikwa na mtengenezaji. Kusoma mapema au kuchelewa kusoma kunaweza kubadilisha jibu, hivyo saa ya ukutani ni kifaa cha kazi sawa na hadubini.

Tano, kutunza vifaa na mazingira. Kabla wagonjwa hawajafika, msaidizi husafisha meza kwa dawa ya kuua vijidudu, hupima na kuandika joto la jokofu, hukagua tarehe za mwisho za vitendanishi na hufuta lenzi za hadubini. Jokofu la vitendanishi na sampuli kwa kawaida hutakiwa kuwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Umeme ukikatika usiku na hakuna aliyeangalia kipimajoto asubuhi, vitendanishi vinaweza kuharibika huku sura yake ikiwa ileile.

Sita, kutunza kumbukumbu na kusafirisha sampuli. Kila sampuli huingizwa kwenye rejista au kwenye mfumo wa kompyuta. Zile zinazohitaji kipimo kisichopatikana kituoni hufungashwa kwa tabaka tatu: kichupa chenyewe, mfuko au kopo lisilovuja, na kasha la nje lililo imara. Kisha hupelekwa hospitali ya wilaya au hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, jijini Tanga. Kwa barabara zetu za milimani, hasa wakati wa masika, ufungashaji mzuri unahitajika sana. Sampuli iliyomwagika njiani humlazimu mgonjwa aliyetembea saa kadhaa kurudi tena.

ASICHORUHUSIWA KUFANYA

Msaidizi wa maabara hatoi majibu ambayo hayajathibitishwa na msimamizi wake pale utaratibu unapotaka uthibitisho. Hamwambii mgonjwa dawa ya kutumia, kwa kuwa hiyo ni kazi ya tabibu. Hafanyi kipimo ambacho hakufundishwa. Hajazi rejista kwa kukisia. Kioo cha malaria, kwa mfano, hakiandikwi kwamba hakina vimelea mpaka yapitiwe angalau maeneo 100 ya kuonea kwenye tone nene. Anayeangalia maeneo machache na kuandika "hakuna vimelea" huku foleni ikimsukuma amemwambia daktari jambo asilolijua.

Vilevile haruhusiwi kutoa siri. Majibu ya mgonjwa ni ya mgonjwa na ya mtoa huduma anayemtibu. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya kipimo cha VVU, na maadili ya taaluma yanalinda usiri wa majibu mengine yote. Katika kijiji ambacho watu wanafahamiana, wanakutana gulioni, msikitini na kanisani, huu ni mtihani wa kila siku. Msaidizi anaweza kuwa amepokea damu ya jirani yake, ya mwalimu wa mtoto wake au ya shemeji yake. Anapotoka mlango wa maabara, anachokijua hubaki ndani. Siri moja ikivuja, watu huacha kupima, na gharama yake hulipwa na wasiohusika kabisa.

USALAMA KAZINI

Kazi hii ina hatari, na si haki kumficha kijana anayeifikiria. Damu inaweza kubeba VVU na virusi vya homa ya ini. Makohozi yanaweza kubeba kifua kikuu. Kwa hiyo msaidizi huvaa koti la maabara, glovu na viatu vilivyofunika vidole, na barakoa inapohitajika. Hali chakula wala hanywi chai ndani ya maabara, wala haweki chakula chake kwenye jokofu la sampuli. Huchukulia kila sampuli kuwa inaweza kuambukiza, hata kama ni ya mtoto mchanga au ya mtu anayemfahamu.

Sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko chake kwa mikono miwili. Hutumbukizwa moja kwa moja kwenye sanduku la usalama, na sanduku hilo hufungwa likifika robo tatu. Taka za kawaida na taka zenye maambukizi hutengwa kwenye ndoo za rangi tofauti. Akichomwa na sindano iliyotumika, huosha jeraha kwa maji tiririka na sabuni na kutoa taarifa mara moja, kwa kuwa dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 72. Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa dozi 3, na kijana anayeanza kazi hii anashauriwa kuikamilisha.

SIFA ZINAZOHITAJIKA

Safari ya kuelekea kazi hii huanzia darasani, na mara nyingi huamuliwa kidato cha tatu pale mwanafunzi anapochagua masomo. Ili kujiunga na mafunzo ya astashahada ya sayansi ya maabara, mwombaji anatakiwa kuwa amehitimu kidato cha nne na kufaulu angalau masomo 4 yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Ufaulu wa Hisabati na Kiingereza humwongezea mwombaji nafasi. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeacha Fizikia kwa sababu ni ngumu amejifungia mlango huu mwenyewe, pengine bila kujua. Wazazi na walimu wana wajibu wa kulisema hili mapema, kabla ya uchaguzi wa masomo, na si baada ya matokeo.

Mafunzo hutolewa katika vyuo vilivyosajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, kwa kifupi NACTVET. Ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ngazi ya 5 ni astashahada na ngazi ya 6 ni stashahada. Kwa kawaida kila ngazi huchukua mwaka 1, hivyo anayefika stashahada husoma miaka 3. Si kila chuo hutoa kila ngazi, na masharti huweza kubadilika. Kwa sababu hiyo mwombaji asome mwongozo wa udahili wa mwaka husika unaotolewa na NACTVET, aone jina la chuo, kozi, ada na idadi ya nafasi. Chuo kisichomo katika mwongozo huo kisilipwe hata shilingi moja.

Kuhitimu chuo pekee hakutoshi. Mhitimu anatakiwa kutambuliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya na kuwa na leseni hai ya kufanya kazi. Sheria inayosimamia taaluma hii ni Sheria ya Wataalamu wa Maabara za Afya ya mwaka 2007. Mtu anayepima wagonjwa bila kutambuliwa na Baraza hilo anavunja sheria, hata kama ana uzoefu wa miaka mingi.

Ajira za Serikali hutangazwa hadharani, na maombi hutumwa kupitia mfumo wa kielektroniki unaotajwa ndani ya tangazo. Kwa kawaida mwombaji anatakiwa awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45. Aambatishe cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cheti cha taaluma, uthibitisho wa usajili au leseni, na maelezo binafsi yenye wadhamini. Hati za matokeo hazikubaliwi badala ya vyeti halisi. Majina yanayotofautiana kati ya cheti kimoja na kingine huleta usumbufu mkubwa, na wengi hugundua hilo siku ya mwisho ya maombi. Anayejua ana tofauti ya majina aishughulikie kisheria mapema, na ahakikishe pia ana namba ya kitambulisho cha Taifa.

Tunasisitiza: maombi ya kazi Serikalini hayalipiwi. Hakuna mtu mwenye mamlaka ya kuuza nafasi ya ajira, awe mtumishi, ndugu wa mtumishi au mtu anayejitambulisha kwa simu kuwa yuko wizarani. Familia inayouza shamba la chai au ng'ombe ili "kumshika mkono" mtu wa namna hiyo hupoteza shamba, ng'ombe na kazi yenyewe. Anayeombwa fedha kwa ahadi ya ajira atoe taarifa TAKUKURU au polisi.

Ni haki pia kusema kwamba cheti si ahadi ya ajira. Nafasi za Serikali hushindaniwa na wahitimu kutoka mikoa yote, na aliyefaulu anaweza kupangiwa mkoa wa mbali. Wengine huajiriwa katika hospitali za mashirika ya dini au maabara binafsi. Wapo wanaosubiri muda mrefu. Mshahara wa ngazi ya kuanzia ni wa ngazi ya chini katika kada za afya. Faida iliyopo ni kwamba mlango wa kujiendeleza uko wazi: mwenye astashahada anaweza kurudi chuoni kusoma stashahada na hatimaye shahada, akiwa na msingi wa vitendo.

TABIA AMBAYO HAIMO KWENYE CHETI

Vyeti huonesha kuwa mtu alifaulu mtihani. Havioneshi kama mtu huyo ataandika lebo ya 60 ya siku kwa uangalifu uleule alioandikia lebo ya kwanza. Kazi ya msaidizi wa maabara ina marudio mengi, harufu zisizopendeza na saa nyingi za kusimama. Inamfaa mtu mvumilivu, msafi, msema kweli na asiyeona haya kuuliza. Ukweli ndio sifa ya kwanza. Sampuli ikianguka, ikichanganyika au ikichelewa, msaidizi mwema husema hapohapo. Mgonjwa atalalamika kuchomwa sindano mara ya pili, lakini atapata jibu lake mwenyewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika maabara ufa huo huwa ni herufi moja iliyokosewa kwenye kichupa.

WAJIBU WA MWANANCHI

Majibu sahihi hayategemei mtumishi peke yake. Ndugu mwananchi, unapokwenda maabara zingatia yafuatayo.

Taja majina yako yote kama yalivyo kwenye kadi au fomu, wala usitumie jina la utani. Usitumie kadi ya bima ya mtu mwingine, kwani majibu yako yataingia kwenye kumbukumbu zake na siku moja yanaweza kumdhuru.

Angalia kichupa chako kikiandikwa jina. Ukiona hakijaandikwa, una haki ya kuuliza kwa upole, "Samahani mtaalamu, jina langu limeandikwa?" Swali hilo si dharau.

Ukiombwa mkojo, tumia chombo ulichopewa kituoni, usilete chupa ya soda au ya dawa kutoka nyumbani. Acha mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati, na ukabidhi mapema, kwa kuwa mkojo unaokaa nje ya jokofu zaidi ya saa 2 huanza kubadilika.

Ukiombwa makohozi, yanatakiwa yatoke kifuani kwa kukohoa, kwani mate ya mdomoni hayafai kwa kipimo. Kohoa mahali pa wazi, mbali na watu, kisha funika kopo vizuri. Mashine ya GeneXpert huweza kutambua kifua kikuu ndani ya takriban saa 2 baada ya sampuli kuanza kupimwa, lakini haiwezi kugeuza mate kuwa makohozi.

Mweleze mtoa huduma kama umeshatumia dawa yoyote kabla ya kuja, zikiwemo za miti shamba na zile ulizonunua dukani. Mweleze pia kama umesafiri kwenda tambarare hivi karibuni, au kama mmeona panya wengi waliokufa nyumbani au shambani.

Usimshinikize msaidizi akupe majibu kabla ya wakati, wala usimwombe majibu ya jirani, mchumba au mfanyakazi wako. Ukitumia maabara binafsi, uliza kama imesajiliwa na Bodi ya Maabara Binafsi za Afya. Maabara halali haioni tabu kuonesha cheti chake ukutani.

MAHALI PA KUULIZA

Kijana anayehitaji ushauri kuhusu masomo na vyuo aanze kwa mwalimu wake wa sayansi au ofisi ya Afisa Elimu Kata. Anayetaka kuijua kazi yenyewe afike ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya na kuulizia Mratibu wa Huduma za Maabara. Matangazo ya ajira husomwa kwenye mbao za matangazo za Halmashauri na za ofisi za kata, pamoja na tovuti za Serikali. Mwenye malalamiko kuhusu huduma ya maabara ayawasilishe kwa mganga mfawidhi wa kituo husika, kwenye sanduku la maoni au kwa kamati ya usimamizi wa kituo, akitaja tarehe na aina ya kipimo ili ufuatiliaji uwe rahisi.

Imeandaliwa na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini, Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto.